Taa Tunazo, Akiba Hatuna

Vijana wapendwa, mfano wa wanawali kumi tumeusikia tangu siku za katekisimu, na karibu kila aliyetuhubiria juu yake alituhimiza kukesha. Someni tena sura ya 25 ya Injili ya Mathayo, nanyi mtaona jambo ambalo hupita haraka machoni. Wote kumi walisinzia, wenye busara pamoja na wapumbavu. Wote kumi walikuwa na taa. Kilichowatenganisha ni chombo kidogo cha mafuta, ambacho watano walikichukua pembeni na watano wengine walikiona kuwa mzigo wa bure.

Nimeurudia mfano huo kwa sababu ya mchango unaoandaliwa. Waxaveri, Wakiro na Bilenge ya Mwinda wa parokia yetu hapa Kadutu wamekubaliana kwamba kiangazi hiki watachangisha fedha za kununulia paneli za jua kwa ajili ya zahanati moja ya milimani, ambayo hadi leo huwasha taa zake kwa jenereta ya mazutu. Wazo hilo linawastahili. Xaveri ilizaliwa papa hapa Bukavu mwaka 1952, na Bilenge ya Mwinda, kwa Kilingala, maana yake ni Vijana wa Nuru. Ni nani basi atakayeshangaa kuwaona wakitafuta mwanga kwa ajili ya wengine? Nimeombwa maoni kwa kuwa nimekula mkate wa ufundi umeme kwa miaka mingi. Nami nasema wazi, kabla mtu hajapita na kikapu: ikiwa fedha zote zitakwenda kwenye paneli, ni afadhali mchango huo usianze.

Najua neno hilo ni kali. Nipeni nafasi nieleze.

Mtu wa mbali angeshangaa kusikia wana wa Bukavu wakizungumza habari za jenereta. Mji wetu umekaa mahali ambapo Ziwa Kivu linamwaga maji yake katika mto Ruzizi, na mto huo unatupatia umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, bwawa la Ruzizi I lilipoanza kazi. Mwaka 1989 likafuata Ruzizi II, lenye uwezo wa karibu megawati 44, ambalo Kongo inalitumia pamoja na Rwanda na Burundi. Ruzizi I yenyewe haifikii megawati 30. Bwawa la tatu limezungumzwa kwa miaka mingi. Wakati huohuo mji umejaa watu, nyumba zimepanda mlima hadi zinashikana mabati, na umeme uliopimwa kwa ajili ya wachache unagawanywa kwa wengi. Ndiyo delestaji tunayoilalamikia kila jioni. Zamu ya giza inapofika, mlima mzima wa Kadutu huanza kunguruma: kinyozi na grupu yake, mwenye kuchaji simu na yake, mwenye mashine ya kusaga mihogo na yake.

Na hapa haifai kuinyoshea kidole serikali peke yake. Chupa na mifuko ya plastiki tunayoitupa mitaroni hushuka na mvua hadi ziwani, ziwa huisukuma hadi mdomo wa Ruzizi, na huko hujikusanya mbele ya bwawa kama mkeka mzito. Uchafu huo huziba njia za maji na kuharibu mitambo. Wafanyakazi huuzoa, mvua ikinyesha tena unarudi. Anayetupa chupa mtaroni asubuhi hununua mafuta ya jenereta jioni, wala haoni kwamba malipo hayo mawili ni moja.

Hata hivyo, sisi wa mjini angalau tuna waya unaopita juu ya paa. Katika nchi yetu, karibu mtu mmoja tu kati ya watano ndiye anayepata umeme, na vijijini ni wachache zaidi. Zahanati mnayotaka kuisaidia haina waya wala matumaini ya waya. Mazutu yake husafirishwa kutoka bandari za Bahari ya Hindi, huvuka nchi kwa malori, hufika Bukavu, na hapo ndipo safari ngumu huanza. Wale wa Idjwi huyapokea kwa mtumbwi. Shabunda, ambako barabara imekufa, mizigo mingi hufika kwa ndege ndogo. Kila mkono unaoyashika huongeza bei, na si mara moja tu nimefungua tangi la jenereta nikakuta maji chini ya mafuta.

Tena mtambo wenyewe ni mlafi. Lita moja ya mazutu ina nguvu inayokaribia kilowati-saa 10, lakini jenereta nzuri, ikipewa kazi inayoitosha, hutugeuzia kama 3 tu kuwa umeme. Nyingine zote hutoka kama joto, moshi na kelele. Jenereta ikipewa kazi ndogo, hali huwa mbaya zaidi. Usiku zahanati huhitaji taa nne au tano, friji ya chanjo na simu ya kumwita daktari. Mashine yenye uwezo wa nyumba kumi hukaa ikinguruma kwa ajili hiyo. Ni sawa na kukodi lori libebe kikapu kimoja cha mboga. Mafuta hayaungui vizuri, masizi huganda ndani ya injini, na mashine hufa kabla ya umri wake.

Tupige hesabu kwa mfano. Jenereta inayokunywa lita 1 kwa saa, ikiwashwa saa 6 kwa siku, itakunywa lita 180 kwa mwezi, na kwa mwaka lita 2,190. Zidisheni kwa bei ya lita katika kijiji hicho, si kwa bei ya hapa mjini, nanyi mtaelewa kwa nini mama mjamzito huombwa alete mafuta pamoja na kitenge cha mtoto. Moshi wa lita hizo hupeleka hewani karibu tani 6 za kaboni dioksidi, na sehemu ya masizi hubaki mapafuni mwa wagonjwa, kwa kuwa jenereta huwekwa nyuma ya ukuta wa wodi isiibiwe.

Kuna njia nyingine, inayoitwa mfumo mseto. Mchana paneli huendesha vifaa na kujaza betri. Usiku betri hutoa kilichowekwa. Zikija siku tatu za mawingu mfululizo, kama tunavyozijua sisi wa Kivu kuanzia Septemba hadi Mei, jenereta huwashwa kwa saa chache, hufanya kazi nzito inayoipenda, hujaza betri, kisha huzimwa. Jenereta haifukuzwi. Inashushwa cheo tu, kutoka mwenye nyumba hadi mlinzi wa zamu. Katika mfano wetu, mkiipunguzia kazi hadi sehemu moja ya tano, lita kama 1,750 kila mwaka hazitanunuliwa. Mahali penye kijito chenye nguvu, maji yanaweza kushika nafasi ya mafuta, na hapo milima yetu imebarikiwa kwa namna ya pekee: kiangazi mito inapopungua, jua huongezeka, masika jua likijificha, mito hujaa.

Msidhani nawasimulia ndoto za vitabuni. Sheria ya umeme ya Juni 2014 iliruhusu watu na makampuni nje ya SNEL kuzalisha na kuuza umeme nchini, na waliokuwa tayari walianza. Kampuni ya Nuru ilijenga kituo cha kwanza Beni mwaka 2017. Mwaka 2020 ikazindua Goma, katika mtaa wa Ndosho, kituo cha jua cha megawati 1.3 chenye betri na jenereta ya akiba, na taa za barabarani zikawaka mahali ambapo watu walikuwa wamezoea kufunga biashara jua likizama. Rutshuru, mtambo wa maji wa Matebe wenye megawati zaidi ya 13 unafanya kazi tangu mwaka 2015 chini ya Mbuga ya Virunga. Nyaya zake ndefu kuelekea Goma zimeharibiwa na mapigano zaidi ya mara moja, jambo linalotufundisha kitu kuhusu umeme unaotoka mbali: waya mmoja ukikatwa, mji mzima huingia gizani, na pampu za maji husimama. Paneli zilizo juu ya paa la zahanati hazihitaji kupita katika uwanja wa vita ili zimfikie mgonjwa.

Nje ya mipaka yetu mifano ni mingi. Kisiwa cha Bugala, katika wilaya ya Kalangala nchini Uganda, kilijengewa kituo kinachochanganya jua na dizeli, chenye uwezo wa megawati 1.6. Kenya nayo imeongeza paneli au vinu vya upepo katika baadhi ya vituo vyake vya dizeli vya kaskazini. Ila mfano unaonifikirisha zaidi ni wa Ukara, kisiwa cha Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Huko kampuni ya JUMEME ilianza mwaka 2016 kuuza umeme wa jua, wenye betri na jenereta ya akiba. Bei ya uniti moja ilikuwa juu mara nyingi kuliko ile ya gridi ya taifa. Mwaka 2020 serikali iliagiza gridi ndogo za namna hiyo ziuze uniti kwa shilingi 100, kama ilivyo kwa wanavijiji waliounganishwa na gridi. Mvuvi alishangilia, na alikuwa na haki: kwa nini maskini wa kisiwani alipie taa kuliko tajiri wa mjini? Lakini shilingi 100 haziwezi kununua betri mpya ya zamani ikichoka, na wenye mitaji walisita kujenga kwingine. Kila upande ulishika nusu ya ukweli. Umeme usiolipika ni dhuluma kwa maskini, na umeme usiojilipia utazimika, na huyohuyo maskini ndiye atakayerudi kwenye giza.

Sasa niwaeleze kwa nini nimesema maneno makali kuhusu mchango wenu.

Miaka kadhaa iliyopita nilipanda hadi kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja. Nilikuwa nimeitwa kuangalia kwa nini taa haziwaki. Juu ya paa paneli zilikuwa safi, zinang'aa, zenye nguvu zote. Paneli nzuri huweza kudumu miaka 25. Ukutani palikuwa na kibao chenye majina ya wafadhili. Chini, katika chumba cha dawa, betri zilikuwa zimevimba kama matumbo. Zilikuwa betri za risasi, ambazo hazipendi kunyonywa zaidi ya nusu ya ujazo wake, nazo zilinyonywa hadi mwisho kila usiku, kwa kuwa waya mmoja ulikuwa umevutwa hadi nyumba ya walimu na mwingine hadi kwenye runinga. Maji yake hayakuongezwa tangu siku ya sherehe. Hazikufika mwaka wa nne. Mama mkunga alikuwa akizalisha kwa tochi ya simu aliyoibana kati ya bega na shavu, na nyuma ya ukuta jenereta ilikuwa imerudi kazini.

Nililaumu, kama fundi anavyolaumu. Kisha mama huyo akanionyesha daftari, na daftari hilo likaninyamazisha. Kila lita ya mazutu tangu miaka ya nyuma ilikuwa imeandikwa humo kwa kalamu ya buluu: tarehe, bei, jina la aliyeleta. Kituo kile hakikuwa cha wazembe. Wiki baada ya wiki, hata katika miezi ya njaa, kilipata fedha za mafuta. Jumla ya miaka ile mitatu ilitosha kununua betri mpya, na chenji ikabaki. Wakati wa jua, fedha hizo hazikuibiwa. Hazikuchangwa tu, kwa kuwa hapakuwa na aliyeziomba.

Hapo nilielewa tofauti kati ya mazutu na betri, tofauti ambayo hakuna karatasi ya mtengenezaji inayoiandika. Mazutu huomba kidogo kila siku. Jenereta ikikosa mafuta leo, leo hiyohiyo ni giza, na mtu hutuma mtoto na kidumu. Betri haiombi kitu kwa miaka minne, mitano, hata kumi. Inanyamaza, inatoa, watu wanasahau kwamba inakula. Siku inapoomba, huomba yote kwa mara moja, kwa dola, na kwa watu ambao hawakuambiwa kwamba siku hiyo itakuja. Tumewapa wanavijiji taa wakashangilia. Chombo cha mafuta tumekiacha dukani kwa kuwa hakipendezi katika picha.

Kwa hiyo pendekezo langu, na ninalitoa nikijua kwamba litapunguza idadi ya paneli mtakazojivunia, ni kwamba theluthi moja ya mchango isinunue kitu chochote. Iwe mbegu ya mfuko wa betri. Tena kuanzia wiki ya kwanza ya umeme wa jua, zahanati iendelee "kununua" mazutu ambayo haiyachomi: ile fedha iliyokuwa ikienda kwenye kidumu, nusu yake iingie katika mfuko, na nusu yake iwapunguzie wagonjwa gharama. Mtu asituambie kwamba watu wetu hawajui kuweka akiba. Mama wanaouza sambaza katika soko la Kadutu huendesha likelemba zao bila karani, na vikundi vya AVEC vimejaa hata katika vijiji visivyo na duka la chumvi. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo tatu hukaa kwa watu watatu. Katika mkoa ambamo hata benki huweza kufunga milango siku moja bila kuaga, sanduku hilo si jambo la kudharau. Mfuko wa betri uendeshwe hivyo: ufunguo mmoja kwa mama mkunga, mmoja kwa kiongozi wa jumuiya, mmoja kwa mtu asiye na cheo chochote, ambaye kijiji kinamwamini kwa mdomo wake mgumu.

Kuna mambo ya kiufundi ambayo yatawasaidia kupunguza akiba inayohitajika. Friji ya chanjo, ambayo lazima ibaki kati ya nyuzi 2 na 8, haihitaji betri kabisa: zipo friji zinazoendeshwa na jua moja kwa moja, ambazo mchana hugandisha barafu ndani ya kuta zake na usiku huishi kwa baridi hiyo. Betri za lithiamu ni ghali kuliko za risasi, lakini hustahimili kunyonywa zaidi na huishi miaka mingi zaidi. Mkihesabu kwa miaka kumi, mara nyingi ndizo za bei nafuu. Wapo watakaouliza kuhusu kobalti, na ninafurahi wakiuliza, kwa sababu sehemu kubwa kabisa ya kobalti ya dunia huchimbwa katika nchi yetu hii, Lualaba na Haut-Katanga, na si yote kwa mikono iliyolipwa haki. Betri za lithiamu za aina ya fosfati ya chuma, ambazo ndizo zinazofaa kwa zahanati, hazina kobalti. Kuhusu waya wa kwenda kwa walimu na runinga, sina ushauri wa kifundi. Hilo ni suala la kijiji kukaa chini na kuamua, kabla ya msumari wa kwanza kupigwa, nani atatumia nini na atalipa kiasi gani. Walimu nao wanahitaji taa. Basi waingie katika hesabu tangu mwanzo kama walipaji, wasiingie usiku kwa waya wa pembeni.

Na jenereta? Nimesikia kwamba baadhi yenu wanataka iuzwe ili kuongezea mchango. Tafadhali msiiuze. Isafisheni, mbadilishe chujio, muweke kidumu kimoja cha mafuta safi kilichofungwa, muiwashe kidogo kila mwezi ili isikakamae. Mama mwenye kutokwa na damu saa nane za usiku, baada ya siku nne za mvua, hajali kama umeme ni wa kijani au wa kahawia.

Wapo pia watakaopinga mradi wote kwa hoja nyingine. Watasema moshi wa jenereta za Kivu ni tone katika bahari ukilinganishwa na moshi wa nchi tajiri, na kwamba si haki sisi tuliochafua kidogo tuwe wa kwanza kubadilika. Kuhusu tone, wanasema kweli. Mimi mwenyewe nisingeomba hata faranga moja ya mjane wa Kadutu kwa ajili ya kupoza dunia iliyochomwa na wengine. Sababu yangu iko karibu zaidi: mazutu yanamla mgonjwa. Watasema pia kwamba paneli hazipiki chakula, na kwamba misitu yetu, hata ile ya Kahuzi-Biega, inaisha kwa makala wala si kwa jenereta. Hilo nalo ni kweli tupu, na mfumo wa zahanati hautalitatua. Makala yanahitaji mkutano wake, na natumaini mtauitisha.

Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliandika kwamba nishati chafuzi zinapaswa kuachwa hatua kwa hatua, bila kukawia. Sehemu hiyo hutajwa mara nyingi. Isiyotajwa sana ni namba ya 179, anapotoa mfano wa vyama vya ushirika vinavyozalisha umeme safi kwa mahitaji yao na hata kuuza ziada. Hakuzungumzia vifaa vilivyoshushwa kutoka juu. Alizungumzia watu wa mahali wanaomiliki, wanaopanga na wanaowajibika wao kwa wao. Mwaka 2024, katika barua yake Fratello Sole, aliamua shamba la Santa Maria di Galeria nje ya Roma litumike kwa mtambo wa jua wa kuhudumia Vatikano, huku kilimo kikiendelea. Vatikano watakuwa na mafundi na fedha za kubadilisha betri. Zahanati yenu itakuwa na mama mkunga na daftari lake.

Ndiyo maana, kabla ya kufikiri juu ya rangi za fulana za mchango, naomba wajumbe wenu wapande huko kwanza, wakae siku mbili, walale usiku mmoja katika chumba cha wagonjwa wakihesabu ni taa zipi zinawaka na kwa saa ngapi. Wamuulize mwalimu, wamuulize mzee wa kijiji, wamuulize kijana anayechajisha simu za watu kwa jenereta hiyohiyo na ambaye ataona mradi huu kama adui wa mkate wake, hadi apewe nafasi ndani yake. Huenda yeye ndiye fundi mnayemtafuta. Anajua kusikia injini inapougua, na kujifunza kupima betri si kazi ya mwaka.

Tutakutana Jumapili baada ya Misa ya pili. Mama mkunga wa zahanati hiyo ameniazima daftari lake la mazutu la mwaka uliopita. Nitalileta, tulisome pamoja ukurasa kwa ukurasa, na baada ya hapo ndipo tuanze kuzungumza juu ya idadi ya paneli.